Mhogo wa Nazi kwa Bwana wa Ngome

Ndiyo, ni mimi niliyeiandika. Ile hadithi ya mwanamke wa Tanga aliyeteleza bafuni Doha, akazindukia dunia nyingine na kufungua kibanda cha chakula chini ya ngome ya bwana asiyecheka, ni yangu, tangu sura ya kwanza mpaka ile ya mwisho ambayo nusu ya wasomaji waliikataa. Kwa miaka mingi nimeikana. Niliikana mbele ya wanawake wenzangu wa mtaa wa Najma, walioisikiliza huku wakikunja mashuka ya hoteli. Niliikana pia mbele ya kijana mmoja mwenye miwani aliyekuja kunihoji juu ya insha zangu, na katikati ya mazungumzo akaniuliza kama nimewahi kukutana na hadithi za simu za Waswahili wa Ghuba. Nilimjibu kwamba sijakutana nazo, na kwamba kwa ninavyosikia hazistahili wino. Akaandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Bila shaka siku moja yatatokea katika tasnifu yake, na nitakuwa nimejihakiki kwa ukali kuliko adui yangu yeyote.

Niliikana kwa sababu nilikuwa na shahada. Mtu aliyesoma fasihi chuo kikuu, akafundisha sekondari, akawakata watoto wa watu alama kwa kuandika mapenzi yasiyo na dhamira, hawezi kuonekana akiandika habari za joka na mhogo.

Nilifika Doha baada ya ndoa yangu ya Tanga kuvunjika, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanaozesha watoto wao. Nilipata kazi katika hoteli moja ya West Bay, kwenye chumba kisicho na dirisha, nikipokea simu za wageni waliotaka taulo na mito na kuzipeleka kwa wahudumu wa ghorofani. Shahada ya fasihi ilinisaidia sana kutofautisha mto laini na mto mgumu. Tulilala Najma, katika fleti ya zamani iliyogawanywa kwa mapazia, wanawake watatu chumba kimoja. Mmoja alikuwa nesi kutoka Kenya, Mkristo, mcheshi, aliyefanya kazi katika zahanati ya watu binafsi. Wa pili alikuwa mama mtu mzima wa Pemba, wa idara ya kufulia hotelini kwetu, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Mimi waliniita Mwalimu. Nadhani lilikuwa jina la heshima, ingawa nesi alilitumia zaidi aliponiona nimeunguza chai.

Niseme hapa hapa kwamba sijui kupika, maana bila hilo habari hii haieleweki. Kwetu hili halikuwa siri, lilikuwa kama kilema. Nikichemsha yai linatoka na maji katikati.

Nesi ndiye aliyeleta ule ugonjwa chumbani. Alikuwa anasoma vitabu kwenye simu, vya Kiingereza, vilivyotafsiriwa kutoka nchi za Mashariki ya mbali, na vyote vilikuwa kitabu kimoja. Mwanamke wa mjini amechoshwa na ofisi. Anakufa kifo kisicho na maumivu wala gharama za msiba. Anazinduka katika nchi ya milima na theluji ambako watu wote ni warembo na hakuna hata mmoja anayejua kutia chumvi. Karne nzima wamekula nyama ya kuchemsha wakisubiri atokee mtu wa ofisini awaonyeshe kitunguu. Anakaanga kitunguu, kijiji kinalia. Halafu anakuja mtawala, mrefu, uso kama mlango wa benki, anaonja supu, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili unawekwa akiba kwa kitabu kinachofuata.

"Unacheka nini, Mwalimu?" nesi aliniuliza siku moja, kajilaza na sare yake ya kazi.

"Nacheka huyo mtawala. Ana jeshi, ana ngome, hana mpishi?"

"Mimi nikitoka dyuti sitaki dhamira, sawa? Nataka mtu apike, apendwe, alale. Kwani ni lazima kila mtu afe na maudhui?"

"Hata mtoto wa kidato cha pili anaweza kuandika hayo."

"Basi andika. Si una shahada?"

Niliandika ili kumwaibisha. Niliandika kwenye simu, katika basi la wafanyakazi, kati ya Najma na West Bay. Niliweka kila upuuzi niliouona katika vitabu vyake, kisha nikauongezea. Mwanamke wangu alikanyaga sabuni bafuni, akazinduka penye shamba la mihogo ambayo wenyeji waliitumia kufungia milango. Bwana wa Ngome alikuwa hajala kitu cha moto tangu mama yake afariki. Niliweka joka. Niliweka sentensi kama "macho yake yalikuwa meusi kama sufuria isiyosuguliwa," nikacheka peke yangu hadi abiria mwenzangu akabadilisha kiti.

Nesi aliisoma yote kitandani. Nilisubiri aibu imwingie. Alipomaliza aliuliza, "Na huyo Bwana wa Ngome, ako na bibi?"

Ndivyo dhihaka yangu ilivyokufa. Nesi aliomba sura ya pili. Bi Mkubwa, ambaye macho yake hayakuelewana na herufi ndogo, aliomba asomewe, basi nesi akawa anajirekodi akisoma na kumtumia. Bi Mkubwa akawatumia wenzake wa kufulia, nao wakawatumia dada zao waliokuwa wakifanya kazi majumbani, na kabla sijajua, sauti ya msichana wa Kenya ikisimulia habari za mwanamke wa Tanga ilikuwa inasikika katika majiko ambayo sitaingia kamwe. Nilimwapisha nesi asinitaje. Kila alipoulizwa alijibu kwamba inatoka kwa mtu. Bi Mkubwa aliniona nikibonyeza simu kila siku na akaamini nina bwana.

Na wasikilizaji wangu, tofauti na wale wa vitabu vya nesi, hawakuwa watu wa kumezeshwa. Mwanamke wangu alipochinja joka na kulichoma, simu ya Bi Mkubwa ilijaa maswali. Nyama ya joka ni halali? Lina kwato au lina makucha? Nani alichinja, na alitaja jina la nani? Nilikuwa nimeandika sura nzima ya mapigano ya upanga na hakuna aliyeiulizia. Ilibidi sura inayofuata joka liwe samaki mkubwa mwenye mabawa, na amani ikarudi.

Kisha likaja swali la makazi na la kafili, yaani mwajiri anayekudhamini ukae nchini. Mfanyakazi mmoja wa nyumbani, sauti ya upole kabisa, alituma ujumbe ambao nesi alinichezea mara mbili. "Naomba kuuliza. Huyu dada kaingia nchi ya watu bila karatasi. Huyo Bwana wa Ngome ndiye kafili wake? Maana kama ndiye kafili, na ndiye mwenye nyumba, na ndiye anayemwambia anampenda, mimi hiyo siiti mapenzi." Wahadhiri wangu wa chuo kikuu walichukua mihula mitatu kunifundisha habari za mamlaka na mahaba, na hawakuwahi kusema jambo zito kama hilo. Nilimpa mpishi wangu barua ya uraia kutoka kwa malkia wa nchi jirani.

Walidai msikiti, nikajenga. Nesi akadai kanisa dogo upande wa pili wa mto, kwa ajili ya wasomaji wa dini yake, nikajenga. Ramadhani ilipoingia, wakalalamika kwamba sura zinafika alasiri, watu wana njaa, na humo ndani kuna sambusa zinamwaga mafuta. Bi Mkubwa alisema bila kumtazama mtu, "Huyo anayeandika kama ana imani, mchana angetuandikia habari za mashuka." Kwa mwezi mzima, katika sura za mchana, mpishi wangu alisafisha kibanda, akapaka chokaa, na hakuwasha jiko.

Hapa inabidi nimlete dereva.

Alikuwa anaendesha basi letu la wafanyakazi. Mtu wa Lindi, mjane, mwenye ndevu zilizoanza mvi na tabia ya kusema "haya" kabla ya kufanya jambo lolote: kabla ya kuwasha gari, kabla ya kukunja kona, kabla ya kunywa maji. Nilikuwa nikikaa kiti cha nyuma yake kwa sababu hapo simu ilipata mtandao vizuri, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Tulizungumza. Alijua mambo mengi ya barabara na hakuuliza mambo mengi ya watu. Nikaanza kugundua kwamba Bwana wa Ngome naye ameanza kusema "haya" kabla ya kupanda farasi.

Katika Ramadhani hiyo hiyo, ugonjwa niliokuwa nawacheka wengine ukanipanda mwenyewe. Nilikwenda duka la Wahindi wa Malabari la mtaani kwetu, nikanunua mhogo na tui la kopo, na nikapika. Mimi. Nilijiambia kwamba Tanga nilishindwa kwa sababu ya Tanga: jiko la Tanga, mume wa Tanga, mama mkwe wa Tanga aliyekaa mlangoni. Hapa ilikuwa dunia nyingine. Kama karani wa ofisini anaweza kuteleza na kuinuka mpishi, kwa nini mwalimu wa fasihi asiweze? Sikuonja, kwa kuwa nilikuwa nimefunga na nilitaka saumu yangu iwe kamili. Nilipakua kwenye bakuli langu la bluu, lile lenye ufa ukingoni nilioziba kwa rangi ya kucha, nikalifunga kitambaa na kumkabidhi dereva aliponishusha kazini kwa zamu ya jioni. Mimi nilifuturu hotelini. Nilichobakiza sufuriani niliwaachia wenzangu.

Kesho yake bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake tende.

"Ahsante, Mwalimu," alisema. "Haya. Nilishiba."

Nyumbani Bi Mkubwa aliniambia sufuria imekwisha. Nesi alikuwa akijifunga viatu na hakuinua kichwa. Mimi nikaelea kwa furaha. Niliandika sura, ya kutumwa usiku baada ya futari, ambayo Bwana wa Ngome anakula mhogo wa nazi kwa mara ya kwanza, anafumba macho, chozi moja linamshuka, na anarudisha bakuli la bluu lenye ufa uliozibwa, limejaa tende. Haikuwa dhihaka tena. Ilikuwa ni kumbukumbu, au hivyo nilivyodhani. Sura hiyo ilisambaa kuliko zote.

Baada ya Idi dereva aliniposa, kwa namna yake. Aliegesha basi, akazima injini, jambo ambalo watu wa Doha hawalifanyi ovyo wakati wa joto, akasema, "Haya. Mwalimu, mimi nataka tuoane. Nani mkubwa wako?"

Mkubwa wangu alikuwa kaka. Baba alikwishafariki, kwa hiyo kaka ndiye walii, na bila walii kusema ndiyo, hakuna shekhe wa kwetu ambaye angetufungisha ndoa. Kaka ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu ambaye hata kuagiza soda huanza na utangulizi. Nilimpigia wakati wa mapumziko, nikiwa nimesimama karibu na lifti ya mashuka.

"Kaka, kuna mtu ananiposa. Mtu wa Lindi, dereva, mjane. Anaswali."

"Alhamdulillahi. Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Unajua nini."

Hapo lazima nieleze kaka alikuwa amebeba mzigo gani. Mume wangu wa kwanza alikuwa rafiki yake. Kabla ya harusi, rafiki huyo alimuuliza waziwazi kama mimi napika, na kaka akamjibu, "Anasoma." Miaka kadhaa baadaye rafiki alikuja, akakaa kwenye kochi la kaka, akasema neno moja tu: "Ungeniambia." Sikuachwa kwa sababu ya chakula pekee, ndoa hazivunjiki kwa urahisi hivyo, lakini chakula ndicho kilichotajwa mbele ya wazee, kwa kuwa ndicho kilichotajika. Urafiki wao ulikufa siku hiyo, na kaka aliamini kwamba aliuza ng'ombe mgonjwa sokoni. Sifurahii kuwa ng'ombe, lakini ndivyo alivyolisema, tena mara nyingi.

"Kaka, mimi nimebadilika. Nimeshampikia."

"Umempikia?"

"Na bakuli limerudi tupu."

"Bakuli tupu si ushahidi," kaka alisema. "Sikiliza, mdogo wangu. Safari hii sifichi. Huyo bwana aambiwe kwamba hujui kupika, kwa maneno hayo hayo, na mimi nisikie kwa masikio yangu kwamba amesikia. Bila hivyo simwozi mtu."

Nilikasirika kiasi cha kukata simu. Kwa nini nimwambie mtu kwamba sijui kupika, na mtu huyo alikula chakula changu akashiba? Ilikuwa ni kumkaribisha atilie shaka ulimi wake mwenyewe. Kwa upande mwingine, nilijua. Kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyokuwa inajua, sehemu ile iliyowahi kuona yai likitoka na maji. Nilimwambia dereva kwamba kaka bado anatafakari. Akasema haya.

Wakati huo hadithi nayo ilikuwa imefika palepale. Sikupanga. Sura zilikuwa zimejipeleka zenyewe, na Bwana wa Ngome alikuwa amepiga goti mbele ya kibanda. Nilidhani wasikilizaji watashangilia. Badala yake, Bi Mkubwa alirudi kutoka kazini amekunja uso, akakaa kitandani na buibui lake.

"Nani anamwoza?" aliuliza.

"Nani anamwoza nani?" nilisema.

"Huyu mpishi. Baba yake yuko Tanga, hai, mzima, sura ya kwanza imesema. Basi atamwoza vipi, na binti yuko dunia nyingine?"

"Si wanapendana, Bi Mkubwa?"

"Hilo nnalijua. Mimi nauliza nani anamwoza."

Nesi aliingilia kutoka upande wake wa pazia. "Kwani hakuna kadhi huko? Si mlijengewa msikiti?"

"Kadhi humwoza asiye na walii. Huyu anaye. Kuwa mbali si kufa, mwanangu."

"Hata sisi," nesi alisema baada ya kufikiri, "bila wazee wa kwetu kukaa na wazee wa kwao, hiyo si harusi. Hiyo ni mkutano."

Mjadala ulienea simu kwa simu. Mmoja alipendekeza baba naye ateleze bafuni. Mwingine alisema mzee wa watu asiuawe kwa ajili ya ndoa ya mtu. Nilikaa na simu mkononi nikielewa, kwa kuchelewa, kilichokuwa kinanichekesha katika vile vitabu vya nesi. Si joka, wala mtawala mwenye uso wa benki. Ni kwamba yule mwanamke anaanza upya na hakuna hata ndugu mmoja anayepiga simu. Hana kaka. Hana shangazi wa kumuuliza ameolewa na kabila gani. Waandishi wale waliweza kubuni milima inayoelea, lakini kubwa walilobuni ni mtu asiye na ukoo. Sisi tulivuka bahari na jangwa na ukoo ulifika kabla yetu, ukatusubiri kwenye simu.

Basi niliandika sura ya sufuria. Tui likichemka polepole, mvuke unafungua njia, na mpishi anainama na kuzungumza na baba yake Tanga. Nilikusudia baba aseme ndiyo. Vidole vikaandika vingine. Baba alisema, "Simwozi mwanangu kwa mtu, mpaka mtu huyo ajue anachokichukua." Mpishi akalia ndani ya sufuria, tui likakatika, njia ikafunga.

Nesi aliirekodi huku anaguna. Asubuhi yake nilipata kusikia sauti yake ndani ya basi, kutoka kwenye simu ya mwanamke mmoja wa kufulia aliyeweka sauti ya juu kabisa. Basi zima lilisikiliza. Barabara ya pwani ilipita, maghorofa ya West Bay yakasogea, na katika kioo niliona macho ya dereva yakiwa barabarani na masikio yake yakiwa kwetu.

"Baba gani huyu," alisema mmoja. "Mtoto kateseka hivyo, yeye analeta masharti."

"Baba yuko sawa," Bi Mkubwa alisema. "Binti kuna kitu anaficha."

"Anaficha nini?"

"Sijui. Aulizwe aliyeandika." Na alisema hayo akiwa ananitazama mimi, kwa utulivu wa mtu ambaye ameshasafisha madoa mengi na anajua lipi ni la nini.

Watu walishuka. Mimi nilijichelewesha kukusanya mkoba.

"Mwalimu," dereva alisema, mikono ikiwa bado kwenye usukani. "Yule Bwana wa Ngome ni mjinga kidogo."

"Kwa nini?"

"Amekaa ngomeni anangoja sufuria iseme. Mimi ningeomba namba ya baba."

"Yeye hana simu."

"Na lile bakuli la sura ya Ramadhani. Nimelifikiria sana. Linafanana na lako."

"Mabakuli ya bluu ni mengi Doha."

"Yenye ufa uliozibwa kwa rangi ya kucha?"

Nilikana. Nilikana nimesimama mlangoni mwa basi, nimeshika mkoba kama ngao, nikasema kwamba watu wengi wana kucha na watu wengi wana mabakuli. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya. Nipe namba ya kaka." Sikuweza kukana mambo mawili kwa pamoja. Nilimpa.

Lakini alikuwa mtu wa taratibu, hakupiga mwenyewe. Alimwomba Bi Mkubwa awe mshenga, na Bi Mkubwa, ambaye inaonekana alikuwa anangoja kuombwa tangu Ramadhani, alichagua Ijumaa baada ya swala. Tulikaa ndani ya basi lililoegeshwa kivulini, injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Bi Mkubwa alikaa mbele na simu mkononi, spika imefunguliwa. Dereva alikuwa kwenye kiti chake, kanzu imepigwa pasi hata mikunjo yake ilitisha. Nesi alikuja kama shahidi ambaye hakuna aliyemwita. Mimi nilikaa nyuma kabisa, mahali ambapo mtandao ni mbaya, kana kwamba hilo lingesaidia.

Kaka alipokea. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana hali ya Pemba, hali ya Tanga, hali ya mvua. Bi Mkubwa akaingia katika shughuli kwa lugha nzuri ajabu, akataja maua, bustani na mlango uliobishwa. Kaka alimsikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema, "Nashukuru, mama. Sasa, huyo bwana yupo karibu?"

"Yupo, ananisikia mimi na wewe."

"Basi namwambia. Dada yangu ana adabu, ana elimu, ana ulimi mrefu kidogo. Na hajui kupika."

Nesi alipata kitu cha kuangalia dirishani.

"Kaka," niliita kutoka nyuma, "uko kwenye spika."

"Najua niko kwenye spika. Ndiyo maana nimesema. Bwana, umesikia?"

"Nimesikia, kaka," dereva alisema. "Lakini nilikuwa najua. Nilishakula."

Kaka akadakia: "Ulikula nini?"

"Mhogo, Ramadhani. Nadhani alitumia lile tui la kopo la kutengenezea vinywaji vya matunda, lenye sukari. Lilikuwa tamu kama halua, na ndani yake kuna kitunguu saumu na pilipili." Alifikiri kidogo, kwa uaminifu. "Na mhogo wenyewe ulikuwa na ule mzizi wa katikati."

"Sisi tulimwaga," nesi alinong'ona kuelekea dirishani. "Pole, Mwalimu. Bi Mkubwa alisema tusikuvunje moyo."

Hivyo ndivyo nilivyofahamu, mbele ya mashahidi, kwamba Bwana wa Ngome hakufumba macho kwa sababu ya mapenzi.

"Uliumaliza?" kaka aliuliza, na sauti yake ya mwalimu mkuu ilikuwa imeanza kuvunjika mahali fulani.

"Niliumaliza. Bakuli lilikuwa lake. Ningelirudishaje na chakula ndani?"

"Na bado unamtaka?"

"Haya," alisema dereva, kama anavyosema kabla ya kukunja kona. "Ndiyo. Mimi napika."

Upande wa Tanga nilisikia kiti kikisukumwa, na hatua, na mlango. Kisha nikamsikia kaka, mbali na simu, akimwita mke wake amtafutie kofia, maana walii haozi kichwa wazi.